Nyabate na Kelele za Resista

Ukipita Kedowa ukamwulizia Nyabate, watu watakuambia kwanza kwamba ni mbishi, halafu kwamba anacheka sana, na mwisho kabisa ndipo mtu atakumbuka kuongeza kwamba ni fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai. Hawasemi uongo. Ubishi alizaliwa nao, kicheko alikipata kwa mamake, na ufundi aliutafuta mwenyewe kwa njia ndefu.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja kubwa upande wa Kericho. Babake, Onyiego, alikuwa amefika huko akiwa kijana, ametoka Kisii na sanduku la bati na nguo alizovaa. Alichuma majani kwa muda, kisha akaingizwa kiwandani, kwenye chumba cha mashine za kusaga, na humo akakaa mpaka alipostaafu akahamia kishamba chake cha Kedowa. Mashine zile zilimlisha yeye na watoto wake, na huku zinamlisha zikawa zinamla masikio kidogo kidogo, mpaka siku moja akalalamika kwamba jogoo wake ameacha kuwika. Jogoo alikuwa anawika kama kawaida.

Nyabate alipewa jina la nyanya yake, aliyemzaa Onyiego, na kwa sababu hiyo babake hajawahi kumwita kwa jina. Humwita Mama. Hata alipokuwa mtoto wa kukojoa kitandani aliitwa Mama, tena kwa heshima, na majirani Wakipsigis waliokuwa hawajui mila za Wakisii walidhani mzee ana kasoro.

Alipomaliza kidato cha nne alipata kazi ya karani kwenye kituo cha kununulia majani mabichi. Kazi yenyewe ni hivi: mkulima anafika na gunia lake mgongoni, karani anatumbukiza mkono katikati ya gunia, anachota konzi moja, anaimwaga mezani na kuichambua. Akikuta majani mawili na chipukizi, gunia linapimwa. Akikuta majani magumu, gunia linarudi nyumbani pamoja na mwenyewe na hasira zake. Konzi moja inasemea gunia zima. Nyabate aliifanya kazi hiyo mpaka ikamwingia mwilini, na wakulima walimheshimu kwa sababu mkono wake haukuwa na upendeleo. Alimrudishia hata mamake, Mongina, gunia mbele ya watu. Siku hiyo nyumbani hakukulika chakula cha jioni kwa amani.

Kutoka hapo alienda chuo cha ufundi, akasomea umeme, na akarudi kuajiriwa katika karakana ya kiwanda. Ndiko alikokutana na Kimeli, kijana wa Mulot aliyekuwa analeta kuni za kuchomea boila kwa lori. Walijuana kwa ugomvi. Nyabate alisema kuni ni mbichi, Kimeli akasema ni kavu, na kila wiki walibishana kwa furaha zaidi kuliko wiki iliyopita, hadi wenzao wakaanza kuuliza wataoana lini.

Basi wazee wa Mulot wakaja kupiga hodi. Ilikuwa ziara ya kwanza tu, ya kujuana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Johana, babake Kimeli, ni mtu mpole anayeongea kwa sauti ya chini, kama wazee wengi wa kwao wakiwa kwenye jambo zito. Aliuliza kwa upole kama kuna watu wengine waliokwisha kuja kumposa huyu msichana. Onyiego hakusikia hata chembe. Akafanya anavyofanya siku zote asiposikia: akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena kwa nguvu ili mgeni aone amekubaliwa kwa moyo wote.

Wazee wa Mulot wakatazamana. Mmoja alikuwa tayari anatafuta kofia yake. Ikabidi Arasa, ndugu mdogo wa Onyiego, aruke kutoka kitini na kueleza kwamba kaka yake hasikii, jamani, hasikii kabisa, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumposa Nyabate, nani angemweza? Watu wakacheka, mambo yakatulia, na siku ya koito ikapangwa. Koito ndiyo siku yenyewe, wazee wa mvulana wanapokuja rasmi nyumbani kwa msichana, wakaulizwa maswali, na babake msichana akasema ndiyo au la.

Lakini Onyiego alikuwa ameziona nyuso. Wageni walipoondoka alienda kukaa karibu na zizi, na jioni akamwambia mkewe kwamba siku ya koito Arasa ndiye atakayekaa kwenye kiti chake.

"Mimi nitakuwa huku na ng'ombe," akasema. "Mzee asiyesikia anaweza kukubali hata kuuzwa yeye mwenyewe."

Nyabate aliposikia hayo alilia, na si mtu wa kulia. Amu Arasa alimpenda, hilo halina shida. Ila hakutaka kutolewa na Arasa huku babake amejificha zizini kwa aibu. Alitaka sauti ya babake.

Kwa nini wasimtafutie kile kifaa cha kusikilizia? Walikuwa wamekwisha kumtafutia. Siku za nyuma alipewa kimoja kwenye kliniki ya bure, akakivaa asubuhi moja, akakitoa kabla ya saa sita. Alisema kinachemka sikioni kama sufuria ya mafuta, bila kupumzika, watu wakiongea na wasipoongea. Tangu hapo kilikaa ndani ya mkebe juu ya kabati, na Onyiego akasema afadhali kimya chake.

"Nitakutengenezea kingine, baba. Kisichochemka," Nyabate akamwandikia kwenye simu, maana mambo marefu waliandikiana hivyo.

Mzee akasoma, akafikiri. "Nitajaribu mara moja, Mama. Ikichemka naitoa, na hatutaongea tena juu ya masikio."

Nyabate akaanza kwa kuchora. Saketi aliichora kwenye programu ya laptopu, ile inayokuonyesha umeme unavyopanda na kushuka muda baada ya muda kabla hujashika hata waya mmoja. Aliipa mikono miwili iliyo sawa kabisa. Mwishoni kilichomo mkono mmoja kinatolewa kwa kilichomo mwingine, kama hesabu ya kutoa. Mvumo wa stima unaotoka nje huingia mikono yote miwili sawasawa, kwa hiyo ukitoa unabaki sufuri. Sauti ya mtu aliipanga iingie mkono huu ikipanda na ule ikishuka, kwa hiyo yenyewe haipotei, inaongezeka. Akabonyeza, na mstari ukatoka kwenye skrini ukiwa laini kama uzi mpya.

Akamwita Vinny, fundi mwenzake wa karakana, aje aone.

"Manze, hii ni safi sana," Vinny akasema. "Ni safi mpaka inaniogopesha. Resista zako ziko na joto kweli?"

"Joto gani?"

"Joto tu. Kitu yoyote iko na joto inatetemeka ndani. Hiyo mtetemo ndiyo inachemka kwa sikio ya mzee. Computer haijui kama hujaiambia."

Na ni kweli. Ndani ya kila resista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, elektroni hazitulii. Zinasukumana huku na huku bila mpango, na msukumano huo hutoa volti ndogo mno, inayoruka ovyo juu na chini kila nukta ya wakati. Ukiikuza sauti ya mtu, na volti hiyo unaikuza, ikawa kelele. Lakini programu inapofuata muda hatua kwa hatua, resista zake ni za kwenye karatasi: zimetulia tuli. Ukitaka kelele ni lazima uzitie mwenyewe, kwa kuweka kando ya kila resista chanzo kidogo cha volti kinachobadilika kila hatua kwa namba za bahati nasibu, tena kwa ukubwa unaolingana na resista yenyewe na urefu wa hatua. Ukikosea ukubwa, umejidanganya.

Nyabate hakukosea ukubwa. Alikokotoa akarudia. Akaiambia programu itoe namba za bahati nasibu, kundi moja zuri, akalichunguza: halipendelei juu wala chini, limetawanyika vizuri. Majani mawili na chipukizi. Basi akafanya walivyomfundisha kwenye kituo cha majani. Konzi moja imekuwa safi, kuna haja gani ya kuchota tena? Akalichukua kundi lile lile akaligawia resista zote, mkono wa kushoto na mkono wa kulia, kila moja kwa kipimo chake.

Akabonyeza. Mstari ulitikisika kidogo sana mwishoni, ukatulia. Kimya kama Sabato mchana. Nyabate akapiga kigelegele ndani ya karakana, mpaka msimamizi akaja kuuliza kama kuna mtu amepigwa na stima.

Akaunganisha vipande, akavitia kwenye kisanduku kidogo chenye waya wa sikioni, na Jumapili akampelekea babake. Mzee alikuwa amenyoa. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, Mongina upande mmoja na Nyabate upande mwingine, akakitia sikioni na kuwasha.

Uso wake ukabaki vile vile kwa muda. Halafu akakunja jicho moja, kama mtu anayeng'atwa na siafu na hataki kuonyesha mbele ya wageni. Akakizima, akakiweka mezani polepole.

"Asante sana, Mama," akasema. "Umejaribu."

Nyabate akakitia sikioni mwake. Kilikuwa kinachemka. Hakijafikia kile cha kliniki, lakini kilikuwa kinachemka, na mtu ambaye kwake kila kitu kingine ni kimya atausikia mchemko huo na hatasikia kingine. Mzee akatoka kwenda kwa ng'ombe. Kwake neno lilikuwa limekwisha.

Wiki iliyofuata Nyabate alikuwa hacheki, na karakana nzima ilijua. Alipima vipande vyote, vyote vilikuwa sawa. Alirudi kwenye laptopu, laptopu ikamwambia ni kimya. Alirudi kwenye kisanduku, kisanduku kikamwambia shhhh. Akamlaumu Vinny, kisha akamwomba msamaha, kisha akamlaumu tena.

Alasiri moja mvua ya mawe ikashuka. Wenye chai wanaijua, wanaiogopa kuliko mdudu yeyote. Stima ikapotea, mashine zikanyamaza, na kukabaki mabati ya karakana yakipigwa hata mtu hamsikii mwenzake. Nyabate alikuwa amesimama mlangoni. Paa lilikuwa linavuja mahali pawili, na mtu alikuwa ameweka karai chini ya kila tundu. Akawa anayasikiliza makarai yale kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. La kushoto likapiga, kisha la kulia mara mbili upesi, kisha la kulia tena, kisha la kushoto. Mvua ni ile ile moja, na paa ni lile lile moja. Lakini kila tone lilianguka lilipotaka, bila kumsubiri mwenzake.

Akageuka akamshika Vinny shati.

"Nimewavalisha sare!" akampigia kelele sikioni.

"Nini?"

"Resista! Nimezipatia konzi moja zote! Zinaruka pamoja, juu pamoja, chini pamoja. Halafu mwisho natoa moja kwa ingine!"

Vinny akafikiria. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya karakana, na Nyabate naye akaanza, na mvua ya mawe ikiwapigia ngoma. Maana ilikuwa wazi sasa. Kelele za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia zilikuwa ni zile zile, tone kwa tone, kwa hiyo zilipotolewa zilifutana kama mvumo wa stima. Laptopu haikumdanganya. Yeye ndiye aliyeiambia kwamba resista zote duniani zimesoma shule moja. Kwenye kisanduku cha kweli kila resista ilikuwa inatetemeka kivyake, na mitetemo ya watu wasiojuana haifutani, inajumlishana.

Stima iliporudi akaweka mistari ya kelele za mikono miwili mmoja juu ya mwingine kwenye skrini. Ilionekana kuwa mstari mmoja. Aliitazama kwa muda, akajiita jina la Kikisii ambalo halifai kuandikwa hapa, kisha akaanza upya. Kila resista akaipa namba zake yenyewe, zisizojua za jirani. Akaendesha, akabadilisha namba, akaendesha tena, na tena, maana kwa kelele mara moja haitoshi kukuambia lolote. Sasa skrini ilikuwa chafu, imejaa vinyweleo, na Nyabate akaifurahia kwa sababu ilifanana na kile alichosikia sikioni.

Na kitu kikisema kweli unaweza kukirekebisha. Akazipunguza zile resista kubwa za mwanzoni, ambazo ndizo zilikuwa zinapiga kelele kuliko zote. Akaziba njia ya sauti kali zilizo juu ya maneno ya watu. Akaagiza Nairobi chipu ya kukuzia sauti iliyo tulivu zaidi. Kila alipogusa kitu, vinyweleo vilipungua au havikupungua, na aliamini vyote viwili. Siku moja kabla ya koito kisanduku kipya kilikuwa tayari. Alikisikiliza chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa. Alisikia saa ya ukutani, akasikia kuku akiparua nje, na chini yake karibu hakuna kitu.

Ilibaki kumvalisha mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amesema mara moja.

"Hapana," Onyiego akasema alipokiona tu. "Tulikubaliana. Mtu akisema amesema."

Nyabate akabembeleza. Mongina akabembeleza. Arasa, aliyekuwa amekuja na suti yake mpya ya kukalia kiti cha kaka yake, naye akabembeleza, na kwa kweli alibembeleza kuliko wote, kwa sababu alikuwa anaogopa kile kiti. Mzee akakunja mikono.

Hapo Nyabate akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alisimama wima mbele ya babake, akaweka mikono kiunoni, akasogea mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio lake.

"Onyiego!" akamwita kwa jina, na Mongina akaziba mdomo. "Saa hii siongei kama mtoto wako. Mimi ni Nyabate. Mimi ndiye nilikuzaa. Vaa hiyo kitu!"

Mzee akamtazama, mdomo ukimchezacheza. Kama unaitwa Mama miaka yote, siku moja unaweza kuamua kuwa mama, na mila haina jibu kwa hilo. Akachukua kisanduku. Akakivaa, akakiwasha, akakaa uso umegeukia dirishani. Halafu akainuka nacho, akaenda zizini, na hakurudi mpaka wakati wa chakula. Kisanduku hakikuonekana sikioni wala mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Kesho yake wageni wakaja. Wamama wa Mulot waliingia kwanza na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, wakiongozwa na Chemutai, shangazi yake Kimeli, wakiimba hata kabla ya kufika kwenye lango. Jikoni kulikuwa na ugali wa wimbi, mboga za chinsaga, kuku, na maziwa moto badala ya chai, kwa sababu Mongina ni Msabato wa kweli: amechuma chai maisha yake yote na hajawahi kuionja. Nyabate aliwekwa jikoni pamoja na wamama, maana msichana haingii sebuleni kabla ya kuitwa.

Kutoka huko aliweza kumsikia babake tu. Onyiego, kama watu wote wasiosikia, huongea kana kwamba wewe uko ng'ambo ya mto, na siku hiyo aliwasalimia wageni, "Karibuni! Chamgei!" mpaka mbwa wakabweka. Nyabate akajua kisanduku kingali mfukoni. Akaendelea kupanga sahani, lakini alikuwa haoni anachopanga.

Wakaketi. Wakaomba. Kukawa na mnong'ono wa Johana, ule wa chini, usioweza kushikika. Nyabate akangoja kumsikia Arasa.

Hakumsikia Arasa. Wala hakumsikia babake. Akasogea mlangoni na sahani mkononi, akatega sikio, asipate kitu. Mongina alikuwa ameacha kukoroga, mwiko uko hewani.

"Ni nani anaongea?" Chemutai akauliza.

Mongina alisikiliza kwa muda, halafu macho yakamjaa machozi. "Ni mzee wangu," akasema. "Anaongea polepole. Anaisikia sauti yake." Akakaa juu ya kigoda, akacheka na kulia kwa pamoja, na mwiko ukidondosha mchuzi kwenye kitenge chake kipya. Tangu mzee aache kazi kiwandani hakuwahi kumsikia mumewe akiongea kwa sauti hiyo, ile aliyomtongozea nayo.

Mlango ukafunguliwa. Nyabate akaitwa. Aliingia, akaona waya mweupe umetoka kwenye koti la babake umepanda mpaka sikioni, na babake amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Arasa alikuwa kwenye benchi, ametulia kama mtu aliyesamehewa deni.

"Mama," Onyiego akasema, kwa sauti ya sebuleni kabisa. "Hawa wazee wanasema kijana wao anakutaka. Tukubali?"

Kwa mazoea ya miaka yote Nyabate akavuta pumzi, akafungua mdomo na kupaza: "NDIYO, BA—"

Mzee akainua mkono upesi, uso ameukunja. "Wewe, usinipigie kelele. Watu wako hapa."

Wageni wakaangua kicheko, Johana akajipangusa macho kwa kofia, na Kimeli kule kwenye kona akatazama viatu vyake huku mabega yakitetemeka. Nyabate akangoja watulie. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo ya aibu, ile ambayo msichana yeyote angeitumia siku kama hiyo.

"Ndiyo, baba."

"Nimesikia," akasema Onyiego.